Kuugua kwa Muda Mfupi

Kamati ya mazishi ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu kwa sababu eti mimi ndiye mwandishi wa familia. Sijawahi kuchapisha kitabu. Naishi kwa kuandika vitu vya watu mtandaoni, na nyumbani kwetu Katangi hilo linatosha. Baba alinipa karatasi ambayo alikuwa amepanga maisha yote ya kaka yangu: kuzaliwa 1990, shule ya msingi, sekondari, Mombasa. Mstari wa mwisho alikuwa ameuandika kwa herufi kubwa ili nisikosee: ALIFARIKI BAADA YA KUUGUA KWA MUDA MFUPI.

Niliuandika hivyo hivyo. Nakala 200 zikachapishwa, picha yake ya kitambulisho ikakuzwa mpaka uso ukawa na ukungu, na mjomba mmoja akasoma kwa kipaza sauti huku watu wamekaa chini ya tenti wakijipepea na hizo hizo nakala. Hakuna aliyeguna. Katangi ni mahali padogo. Kila mtu chini ya tenti ile alijua kaka yangu alikuwa teja, na kila mtu alitusaidia kutolijua hilo mpaka chakula kikaliwa.

Huu ni mwaka wa tatu nikiwa na sentensi ile kichwani. Nataka kuisahihisha.

Kaka yangu alipewa jina la babu yetu mzaa baba. Kwa sisi Wakamba hilo lina maana yake. Kuanzia siku ile, susu, yaani nyanya, hakumwita mjukuu tena. Alimwita mume wangu. Babu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mume aliyebaki wa susu alikuwa huyu mwenye kamasi puani. Akipika muthokoi, bakuli la kwanza ni la mumewe. Akikosana na mama, anashtaki kwa mumewe: "Umesikia vile huyu msichana ananijibu?" Naye, mtoto wa miaka 5, anakunja mikono na kumkemea mama yetu kwa niaba ya mke wake. Hizi ni hadithi nilizosimuliwa, maana mimi nilizaliwa yeye akiwa na miaka 8. Lakini nilimkuta bado anakula bakuli la kwanza.

Pamoja na jina, alirithi tezo ya babu. Babu alikuwa mchongaji wa vinyago. Ukitaka kujua kwa nini maduka ya watalii kutoka Nairobi hadi Lamu yamejaa twiga na simba waliochongwa na Wakamba, nenda Wamunyu, si mbali sana na kwetu. Huko ndiko kazi hiyo ilikoanzia, kwa mzee Mutisya Munge, aliyeutoa ujuzi Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka Wamunyu ilishuka na reli hadi Changamwe, Mombasa, ambako Wakamba walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963. Kwa hiyo kaka alipomaliza kidato cha nne na kukosa alama za chuo, hakuna aliyeuliza atafanya nini. Mwaka 2010 alifunga tezo kwenye gunia, akapanda basi usiku, akaenda Mombasa kuchonga.

Desemba ya 2012 alikuja na halua, korosho, na kanga. Si kanga ya kuvaa. Ndege. Ule uwanda wetu wa Yatta umejaa kanga, wanakimbia vichakani kama akina mama waliochelewa kanisani, na yeye alikuwa amenichongea mmoja kwa mwarobaini, mdogo wa kutosha ngumi yangu. Madoadoa yote alikuwa ameyachoma moja moja kwa waya wa moto, kisha akampaka kiwi ya viatu akang'aa. Nikamuuliza kama huko anauza kanga wengi. Akasema hakuna mzungu anayenunua kanga, wanataka twiga. "Huyu ni wa mtu anayemjua kanga," akasema.

Nitaeleza jinsi alivyoingia kwa kifupi, kwa sababu mwenyewe alieleza kwa kifupi. Mwaka 2014 mambo ya usalama yalikuwa mabaya Pwani. Mwezi Mei watalii wa Kiingereza walirudishwa kwao kwa ndege za haraka, hoteli zikafunga, na mtu aliyezoea kuuza twiga kumi kwa wiki akawa anauza mmoja kwa mwezi. Mwaka huo huo bahari ya hapo nje ilikuwa imejaa unga. Mwezi Aprili manowari ya Australia ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini kwenye jahazi mashariki ya Mombasa. Mwezi Agosti serikali yetu ikalipua meli nzima baharini, Al Noor, Rais akiwa anatazama. Tuliiona kwenye taarifa ya habari, moshi ukipanda. Baba akapiga makofi. Hakuna aliyejua kwamba kaka alikuwa amekaa maskani mahali fulani Mombasa, ameishiwa na kazi, na mtu amemwonjesha kete ya bure.

Mama ndiye aliyepigiwa simu kwanza, na jirani aliyekuwa Mombasa. "Mwanao anatumia unga." Mama akauliza, "Unga gani?" Naomba usicheke. Kwetu mvua hukosa mwaka baada ya mwaka, na unga ni kitu unachomwomba Mungu.

Miaka iliyofuata alikuwa anakuja na kuondoka. Akija, kitu kinaondoka naye. Simu ya mama. Sufuria kubwa ya sherehe. Mbuzi wa susu, ambaye susu aliapa kwamba ameliwa na fisi, ingawa alimwona kwa macho yake akivutwa kwa kamba. Baba alianza kulala na funguo za stoo shingoni. Jina lake likapotea taratibu. Sokoni waliacha kuniuliza "kaka yako hajambo?" wakaanza kuniuliza "na yule?"

Mwaka 2018 baba aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba, tukampeleka kaka kwenye kituo cha kurekebisha tabia, cha kulipia. Miezi mitatu. Alitoka amenenepa, na nyumbani akakaa siku 19. Zile pesa zilikuwa karo yangu ya mwaka wa pili. Nilirudi chuoni kwa mkopo wa marafiki, nikamaliza muhula mmoja, wa pili nikashindwa. Mwaka 2019 nilirudi Katangi na godoro langu. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha masomo husema karo, na ni kweli. Lakini kuna miaka nilikuwa namaanisha: kaka yangu alivuta digrii yangu. Nilimwambia hivyo mara moja kwa simu. Hakujibu, akaniomba soo mbili. Nikamtumia.

Mwaka huo huo mahakama ya New York ilimfunga Baktash Akasha miaka 25, na mwaka uliofuata ndugu yake Ibrahim akapewa 23. Ilikuwa habari kubwa, kwa sababu familia hiyo ilitajwa kwenye biashara ya unga Mombasa tangu mimi sijaenda shule. Baba alizima redio akasema, "Sasa yameisha." Nafikiri aliamini kweli kwamba ugonjwa wa mwanawe ulikuwa na mtu anayeumiliki, na mtu huyo akifungwa, mwanawe atafunguliwa.

Halafu, bila sisi kumsaidia kwa lolote, kaka akajisaidia. Mwanzoni mwa 2021 alipelekwa na rafiki yake kwenye kliniki ya methadoni kule Kisauni. Kenya ilianza kutoa dawa hii mwishoni mwa 2014, kwanza Mathari hapo Nairobi, kisha Pwani. Ni bure. Unafika kila siku, Jumapili na sikukuu pia, unatajiwa nambari yako, unakunywa kwenye kikombe kidogo mbele ya mhudumu, unaongea kidogo ajue umemeza, unaenda zako. Ukipimiwa vizuri hailevyi. Inazuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, na mtu anapata siku yake. Kaka alipata siku zake karibu miaka miwili. Alianza tena kuchonga. Akanitumia picha ya kiboko na ujumbe: "Mikono haitetemeki."

Desemba 2022 akaja nyumbani. Alifika tarehe 24 asubuhi na begi moja, leso ya susu juu. Ilikuwa katikati ya ule ukame mrefu, mahindi yamekauka yakiwa magotini, lakini mama alichinja kuku wawili. Kaka alikula, akacheka, akamwambia susu yeye ni mke mzuri, hazeeki. Jioni ya Krismasi akaanza kufunga begi.

"Kesho lazima niwe Kisauni," akasema. "Nimeomba siku mbili tu. Kuna dawa."

Mama akalia. Mwaka mzima hujaonekana, unakuja kama mgeni? Baba akasema mtu aliyepona hakimbilii dawa. Halafu wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyefika chuo, hata kama sikumaliza. Mimi ndiye ninayesoma vitu.

Nikasema, "Lakini si hiyo pia ni ya kulevya? Umetoka kwa unga wa kuvuta, ukaingia unga wa kikombe. Utakunywa mpaka lini?"

Nilisema kwa upole. Nilikuwa nimesoma mahali, sikumbuki wapi.

Aliniangalia kidogo. "Wewe ndiye umesoma, mwana wa mwaitu," akasema, mtoto wa mama yetu. Akalifungua begi.

Aliugua vibaya. Methadoni ikiacha mwili ghafla, arosto yake si ya siku tano kama ya unga, inavuta wiki. Alitapika, alitetemeka kwenye joto la Januari, hakulala, alizunguka boma usiku mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Susu alikaa naye nje amejifunga blanketi. Sisi tulifurahi, naomba mnielewe. Tuliona tunatoa shetani. Kufikia Februari akatulia. Alishika tezo ya babu, akachonga kigoda cha susu kutoka kisiki cha mukau kilichokuwa nyuma ya jiko. Kanisani alisimamishwa mbele kutoa ushuhuda, watu wakapiga makofi, na mchungaji akasema huyu kijana hana hata kidonge kimoja mwilini. Mama alivaa kitambaa kipya.

Katikati ya Februari 2023 alisema anarudi Mombasa kuchukua vifaa vyake na kutafuta kazi. Nilimtumia nauli, shilingi 1,500. Nilimsindikiza hadi stendi. Aliniambia akifika ataanza na kanga, kuna duka moja linaweza kumchukulia.

Siku ya nne simu ikalia, namba nisiyoijua. Ni yule rafiki yake wa kliniki. Alikuwa analia huku anajaribu kuniheshimu. "Alisema ataenda dawa wiki hii, dada. Alikutana na watu wetu wa zamani. Alipiga ile yake ya kawaida tu. Hakuzidisha, naapa. Ile ile yake."

Sikuelewa kwa nini alikuwa anasisitiza hivyo. Nilifikiri anamtetea.

Kazi yangu, nimeshasema, ni kuandika vitu vya watu. Sehemu kubwa ni insha za wanafunzi wa nje. Wao wana karo, mimi nina muda. Nafanyia kazi nyumbani, usiku, bando ni rahisi na kuku wamelala. Mwezi Agosti mwaka huo iliingia oda ya mwanafunzi wa uuguzi Marekani: kurasa tano, saa 12, matibabu ya uraibu wa heroini. Niliichukua kwa sababu ilikuwa inalipa vizuri.

Kwenye makala ya tatu niliyofungua nilikuta kaka yangu.

Ilieleza kwamba mwili wa mtu anayetumia heroini kila siku huizoea, ndiyo maana kipimo chake kinaweza kumuua mtu mwingine. Akiacha kwa majuma kadhaa, mwili unasahau. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani, hicho hicho alichokizoea, pumzi inapungua, inapungua, inasimama. Kwa hiyo mtu anaweza kufa bila kuzidisha. Ilieleza kwamba hatari ni kubwa zaidi kwenye majuma ya kwanza baada ya mtu kuacha matibabu. Ilieleza kwamba walio kwenye methadoni hufa kwa kiwango kidogo sana kuliko walioitoka. Ilieleza kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Mwaka 2005 nilikuwa shule ya msingi. Hii habari ilikuwepo muda wote nilipokuwa nasema unga wa kikombe.

Niliandika zile kurasa tano. Nilieleza vizuri, kwa Kiingereza kizuri, kwamba kumwondoa mgonjwa kwenye methadoni ghafla kwa sababu za aibu au imani potofu ni kumweka kwenye hatari ya kufa. Nikatuma kabla ya saa kumi alfajiri. Nikalipwa. Halafu nikaenda kukaa kwenye kisiki cha mukau mpaka mama akaamka kuwasha moto, akaniuliza kama nimeota vibaya.

Sikumwambia. Mama anaamini kwamba zile wiki saba zilikuwa wiki alizopewa na Mungu za kumwona mwanawe akiwa mzima, na mimi sina neno la kuweka mahali pa hilo. Baba anaamini Mombasa ilimuua. Tulimtoa Mombasa kwa sababu ndiko kulikokuwa na unga. Hatukufikiri kwamba ndiko kulikokuwa na dawa pia. Kutoka Katangi, kikombe kile cha karibu zaidi kiko Nairobi, na ni cha kila siku. Hata angetaka kukaa nasi na kupona, tungemweka wapi?

Lakini susu aliniuliza. Ilikuwa Aprili mwaka huu, mvua ilikuwa imenyesha, tulikuwa tunachambua ndengu uani, yeye kwenye kigoda chake. Kumbukumbu zake huja na kuondoka siku hizi. Aliniuliza kwa Kikamba, kama mtu anayeuliza habari za jana, "Mume wangu aliugua nini?"

Nilijua hamuulizii babu, ambaye alikufa kwa kifua miaka mingi nyuma. Nilikuwa na jibu la kwenye nakala 200. Nikajikuta namwambia ukweli. Alikuwa na ugonjwa wa unga, nikasema, ulimkaa miaka mingi. Alikuwa anapewa dawa ya kunywa kila siku, na alipokuwa anakunywa alikuwa mzima.

Susu ana presha. Kuna kidonge anakunywa kila asubuhi tangu nikiwa darasa la saba. Hakuna mtu kwenye boma letu aliyewahi kumuuliza atakunywa mpaka lini.

"Kila siku?" akauliza. "Kama yangu?"

"Kama yako, susu."

Akachambua ndengu kidogo. Akatoa jiwe moja akalitupa.

"Na nani alimwambia aache?"

Nikamwambia ni mimi.

Hakusema kitu kwa muda. Nilisubiri anifukuze, au anipige kwa ungo, ningefurahi. Alitazama lango, jinsi anavyotazama akisahau kama mtu ameshafika au bado. Halafu akaniambia jua limepanda na hajanywa ile yake, nimletee maji.

Nikamletea maji.

Wasifu wa marehemu, basi, usomeke hivi. Alizaliwa Katangi mwaka 1990. Alikuwa mchongaji, mjukuu wa mchongaji, na mume wa nyanya yake. Alijua kuchonga kanga. Alifariki Mombasa Februari 2023, baada ya kuugua kwa miaka tisa. Kwa karibu miaka miwili kati ya hiyo alikuwa na dawa yake, na mikono yake haikutetemeka.